Mwamuzi wa Vinanda

Sisi wa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, tulikiita kinanda. Gramafoni lilikuwa neno la karani na la wenye maduka. Ukisema kinanda kambini kwetu, kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita, kila mtu alijua unasema nini: lile sanduku la kutia ufunguo, santuri inazunguka juu, sindano inalia. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, wanaume walikuwa na kazi, na siku hizo mwanamume mwenye kazi asiye na kinanda alionekana kama mtu ambaye hajaoa. Ndivyo walivyokuwa, msinicheke mimi.

Mume wangu alikuwa mtu wa baruti. Wenzake wakishatoboa matundu mwambani, yeye anajaza baruti, anawasha utambi, anakimbia. Jioni alirudi mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka magoti, na kabla hajaniuliza habari za mchana, kabla hata ya kunawa uso, ananawa mikono, anaikausha vizuri, anakiendea kinanda chake. Nilikuwa nikimwuliza, "Baba watoto, ng'ombe ulimtolea nani? Mimi, au hicho kisanduku?"

"Wewe huhitaji kutiwa ufunguo, mayu," anasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Wewe unaanza mwenyewe."

Na ni kweli, sikuumbwa na mdomo wa kufungwa. Mimi ni Msumbwa, nimezaliwa ng'ambo ya Kahama, nikaolewa na huyu Msukuma wa Shinyanga aliyekua akichunga ng'ombe na kusikiliza kengele zao. Aliniambia kwamba utotoni alikuwa anamtambua kila ng'ombe wa baba yake kwa kengele, hata akiwa kichakani hamwoni. Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilipomwona anavyosikiliza vinanda, niliamini.

Kila Jumapili mchana wanaume walikuja uani kwetu na vinanda vyao. Wengine walivibeba kichwani, wengine walivifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira na kuvifunika khanga ya mke, kana kwamba wanampeleka mtoto kliniki. Walikuja kushindanisha. Nani kinanda chake kinatoa sauti nzuri zaidi. Basi, hilo tu. Hakukuwa na zawadi yoyote. Mimi nilichemsha chai na michembe ya viazi vitamu, na huku nikinung'unika, maana wanaume wazima kumi, kumi na tano, wamekaa kimya kama wako kanisani, wanasikiliza mtu mmoja anaimba wimbo mmoja mara mbili, kisha wanagombana mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Ilikuwa hivi. Vinanda viwili vinawekwa juu ya meza yetu. Santuri ileile inapigwa kwenye kimoja, halafu kwenye kingine, na kila mara sindano mpya, kwa sababu sindano iliyochoka inamdhulumu mwenye kinanda. Mume wangu anakaa kwenye kiti amevipa mgongo, ili macho yake yasimpendelee mwenye sanduku linalong'aa. Santuri ikiisha anajikuna kidevu, kisha anatoa hukumu. Hakusema tu hiki kizuri na kile kibaya. Alisema, "Hiki sauti yake ina pumba, haijapepetwa." Au, "Hiki kinaimbia puani. Fungua kichwa chake, kuna kitu kimelegea." Na wakifungua, kweli wanakikuta kimelegea. Mimi nilisikia mtu anaimba, na baadaye mtu yuleyule anaimba tena. Lakini niliona jinsi wanaume walivyomtazama mume wangu, watu waliomzidi umri na cheo, na moyo wangu ulijaa, sitaki kudanganya.

Kabla sijafika kambini, Wasukuma wenzake walitaka vinanda vipigwe vyote kwa pamoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, kama wanavyoshindana ngoma kwao: kinachovuta watu wengi ndicho kimeshinda. Walijaribu mara moja. Watu wote walikwenda upande aliokaa mwenye pombe. Tangu hapo wakakubali awepo mwamuzi, na mwamuzi akawa yeye.

Kati ya waliokuja, wawili hawakukosa hata siku moja. Mmoja ni karani wa mgodi, Mhaya, mtu wa viatu vilivyopakwa rangi, mwenye kinanda kipya kila baada ya muda. Wa pili ni Mzaramo, mpishi wa wazungu, na huyu ndiye aliyekuwa rafiki wa mume wangu kuliko ndugu wa tumbo moja. Mzaramo na Msukuma ni watani, mnajua wenyewe. Alikuwa anaweza kuingia uani kwetu akasema, "Nasikia harufu ya ng'ombe, kumbe mtani amerudi kazini," na mume wangu anamjibu kwamba afadhali ng'ombe kuliko mtu anayekula konokono wa baharini. Hakuna wa kukasirika. Ukikasirikia utani, mwenye makosa ni wewe. Kinanda cha mtani kilikuwa kibovu kuliko vyote, cha zamani, chenye tarumbeta lililobonyea. Kilishindwa kila Jumapili, naye kila Jumapili alikileta.

Siwezi kusema ilianza lini. Kitu kama hicho hakigongi hodi. Nilichoona kwanza ni kwamba ameanza kupaza sauti. Tumekaa wawili tu, ananiambia nimpe chumvi kama ananiita kutoka mtoni. Nikamwambia, "Mimi si kiziwi, baba." Akacheka. Kisha mtoto wetu mdogo akawa analia nyuma ya nyumba, yeye amekaa hapohapo karibu anashona kiatu, hana hili wala lile. Nikatoka jikoni na unga mikononi, nimekasirika, nikamuuliza, "Husikii mwanao?" Akainua uso, akanitazama mdomo, akasema, "Nimesikia."

Hilo neno! Likawa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Nimesikia. Ukimwambia ng'ombe wa kwao wamekufa, amesikia. Ukimwambia ugali uko tayari, amesikia. Nikaanza kulichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Mgodini hawakugundua. Kule chini wote walikuwa wanasemezana kwa mikono, na jioni wote walipanda juu masikio yakiwalia, kila mtu anapayuka, kwa hiyo aliyezidi hakuonekana. Uani kwetu ndipo palipokuwa hatari. Na Jumapili moja nikaona amegeuza kiti. Badala ya kuvipa vinanda mgongo, amevielekea, na mkono mmoja ameuweka juu ya meza.

Karani akauliza, "Mwamuzi, leo vipi?"

"Nataka kuona na mzunguko," akasema mume wangu. "Kinanda kinachoyumba kinajulikana kwa macho."

Wakakubali. Wangekosaje kukubali? Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Lakini mimi nilisimama pale na sinia ya vikombe, nikamwona anavyofanya. Alikuwa anaangalia miguu ya watu. Mtu akianza kutikisa mguu, anajua wimbo umefika wapi. Akiona karani amekunja uso, anajua sauti imekwaruza. Na ule mkono mezani ulikuwa unapokea mtetemo wa mbao. Kisha akatoa hukumu, nzuri, yenye maneno yake yote, na watu wakapiga makofi. Niliingia ndani nikaweka sinia chini.

Siku ile niliwangoja waondoke, nikamkalia mbele nikasema polepole, nikimwonyesha mdomo, "Acha baruti. Omba kazi ya juu, hata ya kusukuma magari. Yaliyobaki yabaki."

Akasema, "Nimesikia."

"Hujasikia! Hujasikia, ndiyo maana nasema."

Kisha akaniambia kwamba kazi ya juu haina malipo kama ya baruti, na yeye anangoja kinanda cha kabati. Kule Mwanza kulikuwa na mzungu anayejiandaa kurudi kwao, ana kinanda kikubwa cha kusimama, cha mbao ya mninga, chenye milango miwili ambayo sauti inatokea. Alikwisha kukisikia mara moja, zamani, alipokwenda Mwanza na lori la mgodi. Hajapata kusahau. Akikipata hicho, ataacha baruti siku hiyohiyo.

Niambieni nyinyi, ningefanya nini? Mtu anakwenda kila siku kuyaua masikio yake ili apate kitu cha kuyafurahisha. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia. Alinishika bega, akatabasamu, akatoka nje kukagua santuri zake. Nililia mbele ya chungu, chai ikachemka ikamwagika yote.

Likizo ilipofika tulikwenda kwao Shinyanga. Mama mkwe wangu aliona siku ya kwanza tu, maana mama haambiwi. Akamtia mafuta ya kondoo masikioni, akamtia maji ya kitunguu, akamwita mzee mmoja akampulizia moshi wa majani. Mume wangu alikubali kila kitu, mpole, ameinamisha kichwa kama mwana-kondoo mwenyewe. Haikusaidia kitu. Ndipo nikamwambia twende Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni. Alikuwa hataki, nikamwambia naumwa mimi, anisindikize.

Tulipofika, mganga akanitazama, nikamwonyesha mume wangu. Mganga alikuwa na kichuma chenye meno mawili kama uma. Alikigonga, kikawa kinaimba, akakisogeza kwenye sikio la mume wangu. Mimi nilikuwa nakisikia toka nilipokaa, karibu na mlango. Mume wangu alikuwa anamtazama mganga usoni, anasubiri aanze.

Mganga alikuwa mtu mwema. Alisema pole kwanza. Kisha akasema kwamba ugonjwa haukuwa kwenye tundu la sikio, ambako dawa ingefika; ulikuwa ndani kabisa, na kilichokufa huko hakifufuki. Mume wangu aiache kazi ya baruti, labda kidogo kilichobaki kitadumu. Labda. Alisema haya akinitazama mimi, na mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kwa adabu, "Ndiyo, bwana mganga. Ndiyo." Hakuna hata neno moja lililokuwa limempata.

Njiani nilisimama katikati ya barabara, vumbi limetujaa, nikamshika uso kwa mikono miwili na kumwambia yote, neno kwa neno. Kwamba haponi. Kwamba aache. Alinisoma mdomo mpaka mwisho, na safari hii najua alielewa, kwa sababu hakusema amesikia. Alisema, "Bado kidogo tu, mayu. Yule mzungu anaondoka kabla ya mvua."

Na kweli, kabla ya mvua lori likaleta kabati. Lilishushwa na wanaume sita, na watoto wa laini nzima walilifuata kama linapita jeneza la mtu mkubwa. Lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Mninga mwekundu, bawaba za shaba, milango inafunguka bila kulia. Karani alizunguka kulitazama na mikono ameiweka nyuma. Mtani akasema, "Sasa mtani ana nyumba mbili. Usiku utalala ipi?" Wote wakacheka. Wakaweka santuri, mume wangu akatia ufunguo mwenyewe, akafungua milango, na hata mimi, ambaye sijui kitu, niligundua kwamba hii ni sauti nyingine. Ilijaa uani kote bila kupiga kelele. Mtani aliacha kutafuna. Karani alikaa chini juu ya jiwe na suruali yake nyeupe.

Mume wangu alikuwa anatazama nyuso zao. Alimtazama mmoja baada ya mwingine, na aliponifikia mimi alinitazama muda mrefu kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Eeh. Ndiyo yenyewe."

Aliacha baruti, alitimiza ahadi. Walimpa kazi ya kulinda stoo. Na mchana mmoja, siku ya kazi, nilirudi kutoka kisimani nikamkuta yuko nyumbani peke yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, amefungua milango, ameingiza kichwa chote ndani, sikio limebanwa kwenye kitambaa kinachofunika mahali sauti inapotokea, na santuri inazunguka juu. Alikuwa hajaniona. Alitoa kichwa, akageuza, akaingiza kwa sikio la pili. Nilirudi nyuma polepole na ndoo yangu, nikaketi kwenye kinu nje, nikangoja mpaka aliponiona mwenyewe.

Jumapili ziliendelea. Sasa ndio kwanza watu waliongezeka, wakatoka hata kambi za jirani, kwa ajili ya kabati. Kila Jumapili nilikaa roho juu. Nilijifunza kusimama mahali ambapo ananiona, na nikawa nashika upawa mkono wa kulia kama watu wamependa, wa kushoto kama hawakupenda. Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Alikuwa anautazama upawa, basi. Hivyo tukaenda, miezi ikapita, na mimi mjinga nikaanza kufikiri kwamba tutaweza kuendelea hivyo mpaka tuzeeke.

Ndipo mtani akafanya utani wake.

Siku hiyo ilikuwa kinanda chake dhidi ya kinanda kipya cha karani. Cha karani kikapigwa kwanza, kizuri, kila mtu aliona. Zamu ya mtani ilipofika, alisimama na kanzu yake akawahutubia watu. Akasema kinanda chake kimelelewa pwani, kina adabu, hakipigi kelele mbele ya wakubwa. Leo kitaimba kwa sauti ya kistaarabu, na watakaoshindwa kuisikia ni washamba tu waliozoea kuita ng'ombe. Huku anasema alikuwa anatia ufunguo. Akaweka santuri. Akashusha mkono wa sindano, na hapo, kwa vidole vya mpishi, upesi, akautegeshea kijiti cha kiberiti chini yake. Santuri ikaanza kuzunguka. Sindano ikabaki juu, haigusi kitu.

Kimya. Ukiacha ile springi inavyovuma ndani ya sanduku, kimya kabisa.

Watu walikwisha kuelewa, wameuma midomo wasicheke. Walikuwa wanamngoja mume wangu. Utani umeshatupwa, ilikuwa zamu yake kuurudisha: ainuke, amtukane Mzaramo na ukoo wake wote wa wala pweza, watu wavunjike mbavu. Mtani mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kinanda, macho yanamcheka, anangoja matusi yake.

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa lile tarumbeta, lililomkinga asiione sindano. Aliona santuri inazunguka. Kiganja chake mezani kilisikia mtetemo wa springi. Akafumba macho nusu, akainamisha kichwa.

Nilikuwa mlangoni. Nikainua upawa, nikautikisa, mkono wa kulia, wa kushoto, nikatikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye santuri. Kuita nisingeweza: asingesikia, na wote wangejua kwa nini nimeita. Kwenda kumgusa bega ni yaleyale. Nilisimama pale na upawa wangu hewani, nikaiona santuri inazunguka mpaka mwisho.

Akajikuna kidevu. Akasema, "Mtani, leo umekitengeneza."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani amejibu, na jibu zuri kuliko walivyotazamia. Mtani alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, nikapiga makofi, nikijiambia acheke tu na yeye, acheke, hata asipojua sababu, na yatapita. Aliniona. Aliona watu wote wanacheka. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyefika katikati ya hadithi, akainua mkono kuomba kimya ili amalizie hukumu.

"Msicheke," akasema. "Hiki kimekuwa kikishindwa kila siku, lakini leo sauti ya chini imekaa mahali pake. Ile pumba ya siku zote haipo. Mwimbaji amesogea karibu. Cha karani ni kizuri, lakini kina haraka. Leo nampa mtani."

Kicheko kilikatika, lakini si kwa mara moja. Walionyamaza kwanza ni waliokuwa karibu naye, waliomwona uso. Halafu waliofuata. Mtu mmoja nyuma kabisa aliendelea kucheka peke yake mpaka mwenzake akamkanyaga mguu. Na mtani, yule bingwa wa maneno, alikuwa ameshika tarumbeta lake kwa mikono miwili, uso umemshuka kama mtu aliyepigiwa mbiu ya msiba. Alikichomoa kile kijiti akakificha ndani ya ngumi.

"Ahsante, mtani," akasema. "Ahsante kwa kunitendea haki."

Waliondoka mapema. Chai niliyochemsha ilibaki. Mume wangu alipanga viti ukutani, akaniuliza mbona leo wamewahi kuondoka. Nikamwambia wameogopa mvua. Akatazama juu, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu, akasema, "Nimesikia."

Kesho yake mtani alikuja asubuhi, mume wangu yuko stoo. Hakuingia. Alisimama kwenye ua, akavua kofia. "Shemeji," akasema, "mimi nilidhani atanitukana."

"Najua."

"Wallahi nilikuwa nayangoja matusi yake."

"Najua, shemeji. Ni utani. Utani hauombewi radhi."

Akaniuliza, "Yeye anajua kwamba tumejua?" Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui. Alilia pale, mtu mzima na kanzu yake. Nilikuwa nimekwisha kulia yangu yote mwaka uliotangulia.

Juma zima nilimtazama mume wangu anavyokula, anavyovaa, anavyokwenda kazini. Hakuonyesha kitu. Jumapili ikaja, na wanaume wakaja wote, hata mmoja hakukosa. Walikuwa wamekubaliana, niliona usoni mwao. Wangepiga vinanda, yeye angehukumu, na lolote atakalosema wangelipokea na kulipigia makofi. Walikuwa wakimwamkia kwa heshima iliyozidi, wanamvutia kiti, wanamnyamazia. Afadhali wangemtukana.

Yeye hakukaa. Alisimama mbele ya kabati, akafungua milango yake miwili, akaweka santuri, akatia ufunguo. Kabla hajashusha sindano aligeuka akasema, kwa ile sauti yake ya kupayuka, "Mimi sisikii. Mmejua, nami nilijua kwamba mmejua, toka mlipokataa chai." Kisha akanigeukia mimi mlangoni. "Mama watoto, njoo ukae hapa."

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikakaa kwenye kiti chake, mbele ya wanaume wote wale, mikono ina unga wa mtama. Akashusha sindano. Sauti ikatoka, ikajaa uani. Akachuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, macho kwenye mdomo wangu.

"Niambie," akasema. "Tangu lije hapa sijapata kulisikia hata siku moja. Likoje?"

Nilisikiliza. Mungu anajua kwamba nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza kitu maishani. Kulikuwa na mwanamume anaimba, na gitaa. Nilitafuta neno moja kati ya maneno yake yote, niliyoyasikia Jumapili hizo zote, na sikujua hata moja linakaa wapi. Wanaume walikuwa wameinamisha vichwa.

"Ni zuri," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Aliendelea kuutazama mdomo wangu, akingoja nimalizie, mpaka santuri ikaisha.